Giaboksi ya Mzee wa Hombolo

Hilux ile iliingia gereji yetu ya Kizota ikivutwa kwa kamba, mwezi wa saba mwaka 2014, upepo wa Dodoma ukiwa umeshika kasi. Pikapu ya dizeli, injini aina ya 3L, mali ya mzee mmoja mkulima wa zabibu kule Hombolo. Ukikanyaga mafuta injini inanguruma, gari halisogei. Mzee akaweka shilingi 420,000 juu ya boneti, zimefungwa kwa mpira, akasema: "Mafundi wangu, zilizopo ndizo hizo. Zikiisha msinipigie simu, sina nyingine mpaka tuvune."

Kwa fedha hiyo angeweza kuletewa giaboksi ya mtumba kutoka Dar. Tulikataa. Ya mtumba huna habari zake, na mara nyingi imetolewa kwenye gari lake kwa sababu ileile inayokusumbua wewe. Afadhali ubovu unaoujua.

Kabla ya kushika spana tuliisikiliza. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, gia kwenye fri, mguu nje ya klachi, ilikoroma kama jiwe la kusagia. Ukikanyaga klachi, kimya. Hiyo mara nyingi ni beringi ya shafti ya mbele, maana klachi ikikanyagwa shafti ile inasimama. Kelele ingeanza pale unapokanyaga, mshtakiwa angekuwa beringi ya klachi. Mzee mwenyewe alituongezea mawili: gia ya tatu inasaga ukiiingiza haraka, na gia ya tano inaruka ukiachia mafuta.

Kushusha ni kazi ya nguvu tu, ila kuna jambo moja watu husahau: legeza kwanza nati ya kujazia oili, ndipo ufungue ya chini. Wapo waliomwaga oili yote kisha wakakuta ya juu imeganda, gari likalala juu ya stendi siku mbili. Sumaku ya nati ya chini ilitoka na uji mweusi laini, na oili ilimeremeta unga wa dhahabu. Unga ule ni shaba ya ringi za sinkronaiza, zile zinazolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia, na kidogo si ajabu. Tulichokuwa tunakiogopa ni vipande vya chuma, yaani meno. Havikuwemo.

Pleti ya klachi ilikuwa imelowa oili, ndiyo maana iliteleza na gari halikusogea. Kijana wetu mmoja alitaka kuiosha kwa petroli na kuirudisha ili kuokoa fedha. Haifai: laini, yaani kitambaa cha pleti kinachosuguana, ikishakunywa oili, utaiosha itakauka, ikipata moto mlimani oili inatoka tena kama jasho. Halafu kina cha ripiti chini ya uso wa laini kilikuwa kimeisha, wakati kinatakiwa kisipungue milimita 0.3. Swali la maana lilikuwa oili imetoka wapi. Tulinusa. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi na ina harufu ya masizi, ya gia inanuka kiberiti. Zilikuwemo zote mbili! Kwa hiyo sili ya nyuma ya injini na sili ya shafti ya mbele ziliingia kwenye orodha kabla hata ya pleti. Pamoja zilikula 37,000. Ukizibania hizo, baada ya mwezi unashusha giaboksi upya.

Presha pleti, inayoibana pleti ya klachi, tuliirudisha. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimelika chini ya milimita 0.6, na uso wake haukuwa na nyufa. Flaiwili, gurudumu zito la injini linalosuguana na pleti, ilikuwa na madoa ya bluu ya moto, msasa usingetosha, ikaenda kwa fundi wa kukereza: 25,000. Pleti mpya 95,000, beringi ya klachi 35,000.

Giaboksi yenyewe hatukuifungulia uani. Vumbi la Kizota mwezi wa saba ni msasa unaoruka. Tuliiosha nje kwa dizeli, tukaiingiza stoo, tukamwagia sakafu maji na kuning'iniza shuka bichi mlangoni. Giaboksi hizi za Toyota zina sahani ya katikati inayobeba shafti zote, unavua makasha ya mbele na nyuma, sahani unaibana kwenye jiliwa, kila kitu kinabaki mbele ya macho yako.

Ringi za shaba zina kipimo rahisi. Isukume ringi kwenye koni ya gia yake, izungushe kwa mkono: inatakiwa ishike, isiteleze. Kisha ingiza fila geji, vibati vya kupimia nafasi, kati ya ringi na meno ya gia. Chini ya milimita 0.8 ringi haifai tena. Ya tatu ilisoma 0.5, ya pili 0.7. Ya kwanza na ya nne zilikuwa juu ya milimita moja, zikarudi zilivyo. Ringi mbili, 60,000, zilikuja na basi kutoka Kariakoo.

Beringi ya shafti ya mbele hatukuinunua duka la spea za magari, ambako ukisema tu ni ya giaboksi bei inapanda. Tulisoma namba iliyochongwa ubavuni tukaenda duka la beringi. Tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, zidisha kwa tano upate upana wa tundu: 06 ni milimita 30. Lakini soma na herufi. N ina maana ringi ya nje ina mfereji wa klipu, na klipu ndiyo inayoizuia beringi isitembee ndani ya kasha. Isiyo na mfereji inaingia vizuri kabisa, kisha inahama ukiwa njiani. Tulilipa 45,000. Tuliipasha kwenye sufuria ya oili juu ya mkaa, imening'inizwa kwa waya isiguse chini, maana chini ndiko kwenye moto mkali. Tone la maji upande wa nje wa sufuria likichemka, inatosha. Usipite nyuzi 120, ugumu wa chuma unaharibika. Iliteleza kwenye shafti bila nyundo.

Tulipoanza kurudisha reli za gia, yaani fito zinazosukuma gia, tukahesabu: gololi zipo, springi zipo, pini moja haipo. Pini zile ni fupi, kama punje nene ya mchele, na hukaa kati ya reli na reli ili gia moja ikiingia nyingine zifungwe. Bila pini gari linatembea vizuri tu, mpaka siku mkono utakapovuta gia mbili kwa pamoja na matairi kufunga barabarani. Kijana akapendekeza tukate msumari. Msumari ni laini, utapondeka. Tulivunja spika mbovu ya redio, tukaburuta sumaku yake sakafuni na kwenye matope ya mlangoni. Ilikusanya chenga za miaka. Pini tuliipata saa moja usiku, imenasa kwenye pindo la shuka.

Kufunga klachi tulitumia shafti kuukuu ya giaboksi iliyokufa kuweka pleti katikati, boliti za presha pleti tukazikaza kwa kupishana hadi kipimo cha nyutonimita (Nm) 19. Wakati wa kupandisha, mmoja alibaki ameshikilia jeki muda wote. Giaboksi ikining'inia kwa shafti yake ndani ya pleti, kitovu cha pleti kinapinda, klachi haiachii tena. Tukajaza oili ya gia ya daraja la GL-4 mpaka ichuruzike kwenye tundu la kujazia.

Ya tano hatukuiponya. Slivu, bangili inayoifunga gia kwenye shafti, na gia yake vilihitaji 160,000, tukabadilisha springi ya gololi tu na kumwambia mzee aishie ya nne akiwa na mzigo. Alirudi baada ya mavuno kumwaga oili. Ilikuwa na unga wa dhahabu kidogo, ya tatu inaingia kama kisu kwenye siagi. Ila kwenye kinobu cha gia palikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli kilichovutwa hadi mguu wa kiti, kushikilia ya tano. Tulimweleza kwamba mvuto ule unalila foko, uma unaosukuma gia, usiku na mchana, tukakifungua. Akatushukuru sana. Kabla hajafika getini alikuwa ameshakifunga tena.