Krimu na plasta zilizonipunguzia maumivu ya neva baada ya mkanda wa jeshi

Malengelenge ya mkanda wa jeshi hukauka, magaga yakadondoka, lakini maumivu yakabaki kwa miezi. Ngozi inawaka, na shati likiigusa tu mtu anashtuka. Hapo kilichoumia ni neva yenyewe, imejeruhiwa na virusi vya tetekuwanga, kwa hiyo dawa za kuchua misuli hazikunifaa. Zilizonifaa ni lidokeini na kapsaisini.

Lidokeini ni ganzi. Plasta yake ya asilimia 5 naibandika asubuhi kwenye ngozi kavu isiyo na kidonda na kuibandua jioni: saa 12 juu ya ngozi, saa 12 ngozi ipumzike, na zisizidi plasta 3 kwa pamoja. Ikiwa kubwa, naikata kwa mkasi kabla sijatoa karatasi ya nyuma. Usiikande kwa chupa ya maji moto, kwani joto huongeza dawa inayoingia mwilini. Ukiona kizunguzungu, ulimi kufa ganzi au moyo kudunda ovyo, ibandue upesi na umwone daktari.

Kapsaisini, ule ukali wa pilipili, ndiyo inayowashinda wengi. Krimu ya asilimia 0.075 hupakwa kidogo sana, kiasi cha punje ya njegere, mara 3 au 4 kwa siku, na kati ya mpako na mpako zipite angalau saa 4. Isugue mpaka weupe uishe, maana mabaki yakikauka hupeperuka na kukukohoza. Siku za mwanzo inachoma kwelikweli: dawa huichokoza miisho ya neva kwanza, halafu ndipo inaichosha. Ukiruka mipako, neva inapata nguvu upya na moto unaanza tena. Anayepaka siku anazozidiwa tu huambulia mwasho bila nafuu. Mimi naihesabia wiki 2 hadi 4 kabla ya kuihukumu.

Usipake ukitoka kuoga maji ya moto wala ukikaribia kuoga, utaungua maradufu. Mikono naiosha kwa sabuni papo hapo, kwa sababu maji matupu hayaiondoi, na kidole kikigusa jicho ni balaa. Tafadhali usijisugue pilipili mbichi badala ya krimu: ukali wake haupimiki, na ngozi hii imeshaumia vya kutosha.

Krimu ikishindwa, ipo plasta ya kapsaisini ya asilimia 8. Hiyo hubandikwa na mtaalamu kliniki kwa dakika 60, na nafuu yake huweza kufika miezi 3.