Kuhesabu Vidonge Hakumtoshi Mgonjwa wa Maumivu

Mgonjwa wa shinikizo la damu aliyepewa vidonge 30 vya mwezi mmoja akirudi na vidonge 3, anayetoa dawa hupiga hesabu nyepesi kwamba amekunywa asilimia 90, na kwa kuwa kiwango kinachotumika sana ni asilimia 80, huandikwa kuwa anafuata dawa vizuri. Hesabu hiyo hiyo huhamishiwa kwa watu wenye maumivu sugu, yaani yanayodumu au kurudi kwa zaidi ya miezi 3, na kwao naiona haifai hata kidogo.

Natoa dawa hapa Pemba, na wengi wanaonijia kwa maumivu ya mgongo ni akina mama wanaolima mwani. Mmoja wao alipewa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ya miligramu 50, bahasha imeandikwa 1 x 3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, vidonge 42 vya wiki mbili. Alirudi siku yake barabara, vidonge vimekwisha, na kwa hesabu ya bahasha amefuata dawa kwa asilimia 100. Nilipomuuliza anavyokunywa alinijibu, "Mwanangu, siku za bamvua nakunywa mbili mbili, maana tunashinda pwani tumeinama. Maji mafu yakiingia sinywi, nakaa zangu nyumbani." Kwa maneno mengine, siku 7 za bamvua, maji yanapokupwa sana, alikunywa vidonge viwili mara tatu, yaani miligramu 300 kwa siku, mara mbili ya kiwango cha juu cha mtu mzima, na dawa hiyo hujeruhi tumbo na figo. Jumla ilikuwa sahihi, hatari ilikuwa ndani ya jumla.

Maswali manne ya kupima kama mgonjwa anafuata dawa, waliyoyatoa mtafiti Morisky na wenzake mwaka 1986, nayo hayamtoshi mtu kama huyu. Mojawapo huuliza kama mgonjwa huacha dawa anapopata nafuu. Kwa dawa ya shinikizo la damu, jibu la ndiyo ni tatizo; kwa dawa ya maumivu iliyoandikwa inywewe yanapozidi, kuacha ndiko kuufuata ushauri. Amitriptilini, kinyume chake, hunywewa kila usiku na huweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kutuliza maumivu ya neva, na anayeiacha siku ya nne kwa kudhani haifanyi kazi hawezi kuwekwa kapu moja na aliyeacha kwa sababu hana maumivu.

Kwa hiyo siku hizi nauliza kila dawa peke yake: siku uliyokunywa nyingi kabisa ulikunywa ngapi, siku uliyokunywa chache ni ngapi, na siku hizo ulikuwa na kazi gani? Majibu nayaandika kwenye kadi ili daktari ayaone kabla ya kuongeza dozi.

Ramadhani inahitaji swali lake. Dozi ya mchana huondoka, na wapo wanaozibana zote tatu kati ya futari na daku, huku jumla ikibaki ile ile. Ni vyema mgonjwa amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, apangiwe dawa ya kunywa mara mbili kama inawezekana.