KDA si umri wa gari

Mimi ni ajenti wa bima ya magari hapa Malindi, upande wa Barabara ya Lamu. Kutwa naandika namba: za tuktuk, za Probox, za malori ya chumvi ya Gongoni. Mtu akija na logibuku yake, ile hati ya umiliki wa gari, naona mambo mawili kwa pamoja, namba ya kwenye kibao na mwaka gari lilipotengenezwa. Mnunuzi anayeliangalia gari barabarani huona namba tu, na kwa sababu ya namba hiyo anatozwa pesa ambazo hazina sababu. Jambo hili linaniuma sana.

Majuzi alikuja kijana wa Maweni, amenunua Probox ya kubebea samaki. "Mamangu, nikatie bima ya thadi pati," akaniambia, uso umejaa furaha. Dalali alikuwa amemwonyesha magari mawili. Moja namba yake inaanza na KCY, jingine KDA, na hili la pili lilikuwa juu kwa shilingi laki moja. Akachukua KDA kwa kuwa aliambiwa "D ndiyo mpya, C imeshazeeka." Nikafungua logibuku: limetengenezwa 2013. Lile la KCY alikuwa amelipiga picha pamoja na karatasi zake, na zimo kwenye simu yake. Mwaka 2015. Yaani ameongeza laki moja ili apate gari kuukuu zaidi, lenye kilomita nyingi zaidi. Sikuwa na moyo wa kunyamaza, nikamweleza, naye akakaa kwenye benchi langu kitambo bila kusema kitu.

Sasa tuelewane. Chukua KDA 001A. K ni Kenya. Herufi mbili zinazofuata, tarakimu tatu na ile herufi ya mwisho ni foleni tu ya usajili. Tarakimu hukimbia kutoka 001 hadi 999, kisha herufi ya mwisho husogea kutoka A kwenda B, na ikifika Z ndipo herufi ya tatu nayo isogee. I na O hazitumiki kwa sababu zinafanana na moja na sufuri. Kwa hiyo KDA peke yake inabeba magari karibu 24,000, kisha inakuja KDB. Mfululizo huu ulianza na KAA mwaka 1989. KBA ikaingia 2007, KCA 2014, KDA 2020. Tazama mwendo wenyewe: A ilichukua miaka kama kumi na minane kuisha, B saba, C sita. Magari yamezidi kumiminika.

Lakini foleni hiyo ni ya siku gari lilipoandikishwa hapa kwetu. Mengi ya magari yetu ni mitumba ya Japani, na sheria inaruhusu kuingiza gari ambalo halijapita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko lilikotoka. Kwa usajili wa 2020 mwisho ulikuwa magari ya 2013. Basi KDA moja inaweza kuwa ya 2013 iliyochoka, na KDA nyingine ikawa mpya kabisa ya shoruum, na namba zao zimekaribiana. Tena KCZ na KDA zote ni za 2020. Huenda zilishuka meli moja pale Kilindini, moja ikapata karatasi mapema, nyingine ikachelewa. Hiyo tofauti ya wiki chache ndiyo inayouzwa laki.

Tuktuk ni habari nyingine, na hapa namba inasaidia kweli. Karibu zote huingia zikiwa mpya, kwa hiyo KTWA ni kongwe kuliko KTWB, na KTWC ni ya juzi kuliko zote mbili. Bodaboda zenye KM mwanzoni ni vivyo hivyo. Ukinunua tuktuk, soma herufi bila wasiwasi. Ukinunua gari, zisahau.

Nyingine nizitaje haraka kwa wanaoniuliza. GK ni serikali kuu. CG ni serikali ya kaunti na tarakimu za mbele ni namba ya kaunti, ndiyo maana yetu ya Kilifi huanza na 03 na ya Lamu 05. Nyekundu yenye CD ni ya kibalozi. Trela huanza na Z, na wenye malori naomba mnisikie: kichwa kina namba yake, trela lina yake, na bima ya kimoja si ya kingine. Vibao vipya vyenye bendera na alama za usalama vilizinduliwa Agosti 2022. Gari kuukuu likibadilishiwa kibao likapewa hicho bado ni kuukuu, kwa hiyo mng'ao wake usikuzuzue.

Mwaka wa kweli utaupata kwenye logibuku, mstari wa mwaka wa kutengenezwa. Muuzaji akisema logibuku iko Mombasa kwa mjomba, kaa kwenye kiti cha dereva, uvute mkanda mpaka mwisho kabisa. Chini kule, magari mengi ya Japani yana kitambaa kidogo kilichoshonewa chenye tarehe mkanda ulipotengenezwa. Kama mkanda ni wa 2012 na unaambiwa gari ni la 2016, uliza maswali. Kisha fungua boneti, unakili namba ya chasi kwa mkono wako mwenyewe, uombe rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Itakuonyesha mwenyewe ni nani na kama kuna benki inayolidai. Namba ya chasi ya kwenye rekodi ikitofautiana hata kwa herufi moja na uliyonakili, usitoe hata shilingi ya arbuni.