Jioni tuliyombishania mtendaji mkuu mpya wa Simba

Mwanzoni mwa Septemba 2020, ligi ndo kwanza inaanza, Simba wakamtangaza Barbara Gonzalez kuwa mtendaji mkuu mpya wa klabu. Wakati huo nlikuwa natunza hesabu kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi Kariakoo, hatua chache tu kutoka Mtaa wa Msimbazi yaliko makao ya Simba, na nje ya duka kulikuwa na benchi ambalo kila jioni linajaa mafundi, madereva wa boda na wazee wawili watatu wanaokunywa kahawa mpaka giza linaingia. Wengi wao Simba, Yanga wawili hivi ambao hawakosi, wanakuja kusikiliza shida zetu. Siku hiyo mi nlifunga daftari mapema kuliko kawaida nikatoka nje, maana nlikuwa nawasikia kupitia dirishani na nlishindwa kuvumilia.

Ili uelewe zile hasira lazima ukumbuke Agosti yake. Tulikuwa tumetoka kuchukua ubingwa wa tatu mfululizo na kombe la FA juu, tukamchukua mchezaji Bernard Morrison kutoka kwa watani zetu Yanga, mtaa mzima unaimba, alafu ghafla tunasikia Senzo Mbatha, yule Msauzi aliyekuwa mtendaji mkuu wetu, kaacha kazi na kaenda Yanga. Sio kaondoka akapumzika, kaenda moja kwa moja. Mtu anayejua mishahara ya wachezaji wetu wote, anajua nani mkataba wake unaisha lini, anajua tunamfukuzia nani, leo yuko Jangwani, makao ya Yanga, anapiga picha na viongozi wao. Lile jambo liliniuma kuliko kufungwa, nasema kweli, na bado naona hatukulijadili vya kutosha kwa sababu kila mtu alikimbilia kumtukana Senzo badala ya kuuliza milango ilikuwa imefungwa vipi.

Sasa kwenye benchi hoja ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja fundi bomba, Simba wa damu, huyu ukimgusa tu anakuanzia na Zamalek ya 2003 tulivyowatoa kwa penati kwao Cairo, Kaseja golini. Akaniambia, "Binti yangu, mpira una wenyewe. Huyu mtoto hajacheza mpira hata wa chandimu, atawaambia nini wachezaji?" Wengine wakadakia, eti ataingiaje kambini, eti wachezaji watamsikilizaje mwanamke tena mdogo vile, na mmoja akashusha sauti akasema mechi ya watani ina mambo yake ya usiku, yeye ataamka?

Nikamwambia mzee wangu, shikamoo yako nimeshakupa, sasa nisikilize na mimi. Mtendaji mkuu hapangi kikosi, yupo kocha. Haingii kambini kuhesabu nani kalala nani hajalala, yupo meneja wa timu. Kazi yake ni makaratasi na pesa. Usajili ukifika dirisha linafungwa saa fulani, mchezaji wa nje uhamisho wake unapita kwenye mfumo wa FIFA na bila kile cheti cha kimataifa hachezi hata kama picha kashapiga na jezi. CAF, wale wa shirikisho la mpira Afrika, wana masharti yao ya leseni ya klabu, kuna hesabu zilizokaguliwa, kuna barua, kuna majina ya kupeleka kabla ya tarehe. Timu ikienda ugenini kuna ndege, hoteli, viza. Hayo yote yakienda vizuri humsikii mtu anamsifia, yakiharibika tunakula pointi za bure. Kucheza namba sita Msimbazi hakukufundishi hata kimoja katika hivyo.

Akaguna. Hakukubali, ila alinyamaza kidogo akawa anazungusha kikombe.

Nikaona nimpe mfano wa karibu, kwa sababu wote pale walikuwa wanalijua lile jambo. Mwaka mmoja nyuma muuzaji wetu mmoja alihama akaenda duka la mtaa wa pili, kaondoka na namba za simu za mafundi wote, na ndani ya muda mfupi mafundi wakubwa wakahamia kule. Tajiri alimlaani sana lakini kumbe kijana hakuwa na karatasi yoyote, sio ya kuajiriwa wala ya kukatazwa chochote. Nikawauliza, huyu mtendaji mpya mnamuuliza kacheza timu gani, mbona hakuna anayeuliza mkataba wake unasemaje siku akitaka kuondoka? Mwanamke au mwanaume, aliyecheza au ambaye hajacheza, mtu huyo anashika siri za klabu. Hapo hata wale Yanga wawili wakaacha kucheka.

Lakini hoja iliyonipa kazi sio ya mzee, ni ya kijana mmoja wa boda, mtulivu, hasemi mara nyingi. Yeye akasema mi sina shida na jinsia wala umri, shida yangu mimi huyu dada ametokea upande wa Mo Dewji, tajiri aliyewekeza Simba, alikuwa anafanya naye kazi, sasa klabu wanachama tunaambiwa ni asilimia 51 na mwekezaji 49, anayekaa ofisini kila siku akiwa mtu wa 49, hiyo 51 yetu inaongea kupitia nani?

Yani lile ni swali. Na nlimwambia hapo hapo kwamba ndo swali pekee la maana lililoulizwa jioni ile. Tangu Desemba 2017 Mo alivyotangazwa mshindi wa zabuni ya kuwekeza kwenye klabu kwa zile bilioni 20, sisi wanachama tulikuwa tunashangilia usajili tu, mambo ya hisa tunayasikia juu juu. Jibu langu kwake lilikuwa kwamba mtendaji anawajibika kwa bodi, na kwenye bodi kuna watu wa pande zote mbili, kwa hiyo kama tuna wasiwasi tuwabane wale tuliowachagua sisi, waseme walikaa wakamhoji au waliletewa jina. Akasema dada hiyo ni nadharia, mwenye hela ndo anasikika. Tukavutana pale muda mrefu, wengine wakawa wanatushangaa maana hatugombani, tunaulizana tu, na mpaka leo naona alikuwa na haki ya kuuliza na mi nlikuwa na haki ya kukataa dada wa watu ahukumiwe kabla hajakaa kwenye kiti.

Kilichofuata kila shabiki anakijua. Msimu wa kabla ya huo tulikuwa tumetolewa mapema kabisa kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika na UD Songo ya Msumbiji, tena goli lao akafunga Luis Miquissone, ambaye baadaye tukamchukua sisi wenyewe. Februari 23, 2021 huyohuyo Luis akawapiga Al Ahly, mabingwa wa Afrika, bao moja kwenye uwanja wa Mkapa, bao ambalo nikifumba macho naliona. Tukafika robo fainali, Kaizer Chiefs wakatupiga nne kwao na sisi tukawapiga tatu hapa, tukaondoka vichwa juu. Sisemi Barbara ndo kafunga, naheshimu mpira kuliko hivyo, ila timu ilisafiri, wachezaji waliosajiliwa walicheza, na tulikuwa na utulivu wa ofisini ambao mi nauthamini sana.

Desemba 2022 akatangaza kuondoka. Januari 2023 akaja Imani Kajula, mtu wa masoko, na kwenye benchi letu ubishi ukawaka upya, safari hii wanaulizana ataleta wadhamini gani, jezi zitauzwaje. Cha kushangaza hakuna hata mmoja aliyetaka kujua kama aliwahi kugusa mpira. Nikasubiri, nikasubiri, nikaona nimuulize mzee wangu wa bomba, baba, huyu naye kacheza timu gani?

Akanitazama kwa muda. "We binti, mi siku hizi nauliza mkataba wake unaisha lini na akiondoka anaruhusiwa kwenda wapi."

Yule kijana wa boda alikuwa pembeni anafuta pikipiki yake, akasema bila kugeuka, "Na aliyemleta nani, mzee, usisahau hiyo."