Antena za Darini na Simu Iliyochomekwa Mtandioni

Tangu antena ndogo za simu zifungwe kwenye dari za korido za jengo letu hapa Tudor, Mombasa, majirani wamekuwa wakiniuliza, kwa kuwa wanajua nimesomea mambo ya umeme, kama ni salama watoto kulala karibu na vifaa hivyo. Jibu langu limekuwa lile lile: ni salama, na anayetaka kupunguza mawimbi yanayoufikia mwili wake aanze na simu yake mwenyewe.

Haja ya antena hizo inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuishi katika nyumba za mji huu. Kuta nene za mawe ya matumbawe kule Mji wa Kale, na zege lililosukwa kwa vyuma katika fleti mpya, hudhoofisha mawimbi kiasi kwamba wengi wetu tumezoea kuzungumza na simu dirishani au barazani. Antena ya ndani, kile kisahani cheupe kinachobandikwa darini, hutoa nguvu ndogo ambayo mara nyingi haizidi robo ya wati, ilhali mtambo wa mnara huweza kutoa makumi ya wati.

Tuchukue robo nzima ya wati, na mtu aliyesimama kichwa chake kikiwa mita 1.5 kutoka kwenye antena. Nguvu hiyo ikitawanyika sawasawa kila upande, kinachomfikia ni takriban wati 0.009 kwa kila mita ya mraba, na akisogea hadi mita 3 kiasi hicho hushuka na kuwa robo yake. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kwa umma na ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii iliyotoa mwongozo wake mwaka 1998 na kuuhuisha mwaka 2020, ni wati 4.5 kwa mita ya mraba katika masafa (idadi ya mitetemo ya mawimbi kwa sekunde) ya megahezi 900, na wati 10 kuanzia gigahezi 2. Kwa hesabu hiyo tuko chini ya kiwango kwa mamia ya mara, na kiwango chenyewe kimewekwa mara 50 chini ya kipimo ambacho joto la mwili huanza kupanda kwa namna inayotia wasiwasi. Joto ndilo athari iliyothibitishwa ya mawimbi ya redio, kwa sababu, tofauti na eksrei, hayana nishati ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu.

Simu ya mkononi ni habari nyingine, na hapa ndipo ninapotaka majirani zangu wanisikilize zaidi. Simu haitoi nguvu ile ile wakati wote, bali huamriwa na mtambo inaowasiliana nao ipandishe au ishushe, na katika mtandao wa 3G amri hiyo hutolewa mara 1,500 kwa sekunde. Mtu anayezungumza na jirani aliyeketi naye ubavuni hana haja ya kupaza sauti kama anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Jikoni kwangu, upande wa ndani wa jengo, kipimo cha nguvu ya mawimbi ambayo simu inapokea kilikuwa desibeli hasi 111, na sasa, baada ya antena kufungwa, ni hasi 81. Tofauti hiyo ni desibeli 30, yaani nguvu inayopokewa imeongezeka mara elfu, kwa hiyo simu haina sababu tena ya kutumia nguvu zake zote ndipo isikike. Hata ule moto wake mkononi baada ya mazungumzo marefu umepungua.

Sasa mtazame mama anayekanda unga wa chapati huku simu ameichomeka ndani ya mtandio, imebanwa sikioni, na maongezi na dada yake aliye Malindi hayaishi. Simu hiyo haiko mita 1.5 kutoka kichwani mwake, imegusa ngozi. Akiwa katika chumba ambacho simu haishiki vizuri, anapokea kutoka kwayo mawimbi mengi kupita yale ambayo kisahani cha darini kingempa. Namshauri atumie spika au visikizi vya waya, wala simkatazi kuzungumza.

Wapo walioniletea habari kwamba Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka mawimbi haya, mwaka 2011, katika kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Ni kweli, lakini uamuzi huo ulitokana hasa na tafiti za watumiaji wakubwa wa simu za sikioni, nazo hazikutoa ushahidi wa kutosha. Katika kundi hilo hilo yamo maji yaliyokamuliwa kutoka jani zima la mshubiri (aloe vera), ambayo wanaonitumia onyo hilo wengine huyanywa asubuhi.

Pamoja na hayo, sikubaliani na namna kazi ilivyofanywa. Mafundi waliingia na ngazi zao, wakatoboa dari, wakaondoka, na hakuna mpangaji aliyeelezwa kinachofungwa ni nini. Hofu iliyozuka ni haki ya watu, na wanaocheka ujinga wa wapangaji wanakosea.

Tena kuna jambo ambalo halizungumzwi kabisa kwenye vikao vyetu, nalo ni paneli kubwa iliyoko juu ya paa, ambako watu huanika nguo na watoto hurusha tiara. Paneli ya namna hiyo hukusanya nguvu zake na kuzielekeza mbele, kwa hiyo aliye chini yake ndani ya nyumba hupata kidogo sana, bali anayesimama mbele yake kwa umbali wa mita chache anaweza kuvuka viwango nilivyovitaja. Hapo ndipo penye haja ya uzio na kibao cha onyo, na kwetu havipo. Tumemwandikia mwenye jengo tukitaka vitu viwili: karatasi inayoonyesha nguvu na masafa ya kila antena, na uzio wa paani. Karatasi ya antena za korido imeletwa, inasema wati 0.1 kwa kila moja. Uzio tunaufuatilia.