Fataki za nje hazikuwa ngumu, mkono wangu ndio ulikuwa mwepesi

Najijazia risasi mwenyewe, na hapa nasema fataki za risasi: kile kikombe kidogo chenye kilipuzi kwenye kitako cha ganda, kinachogongwa na pini ya bunduki ili kiwashe baruti. "Fataki ni fataki, chukua za bei rahisi." Huo ulikuwa ushauri wa kwanza. Wa pili ulikuja baada ya risasi kugoma kulia: "Za nje zina kikombe kigumu, weka springi kali ya nyundo." Nikaiweka. Trigga ikawa nzito kuvuta na risasi ziliendelea kugoma vilevile. Mwisho wa yote fataki zilikuwa nzima kabisa, ila kufika hapo kulihitaji kwanza kusoma boksi vizuri, jambo ambalo hakuna aliyeniambia.

Boksi la Ulaya hukupa milimita, tena kwa mkato badala ya nukta: 4,4 au 5,3. Hicho ni kipenyo tu, ndogo na kubwa basi. Mambo yote yako kwenye herufi zinazofuata. SP ni ndogo ya bastola, SR ni ndogo ya bunduki, LP na LR ndizo kubwa kwa mpangilio huohuo. SP na SR zinaingia kishimo kilekile cha kitakoni mwa ganda bila ubishi, na hapo ndipo watu hujiharibia. Kikombe cha SP kwa kawaida ni chembamba zaidi. Ukikiweka kwenye ganda la .223, risasi ya bunduki yenye shinikizo kubwa, pini inaweza kukitoboa, gesi ikarudi nyuma na kula uso wa boliti, kile kifungio kinachoziba nyuma ya risasi. Kwenye kubwa tatizo ni kimo: LR ni ndefu kuliko LP kwa takriban 0.2 mm. Ukiipachika kwenye .45 ACP, risasi ya bastola, itabaki imechomoza kitakoni, na fataki iliyochomoza inaweza kulipuka wakati boliti inajifunga, kabla hujagusa chochote. Na usiseme ".45 ni kubwa" kwa mazoea, maana siku hizi kuna maganda ya .45 yenye kishimo kidogo. Chambua kwanza.

Hakikisha pia neno Boxer limeandikwa. Fataki ya Boxer ina fuawe yake ndani, yaani kibati chenye miguu ambacho kilipuzi hubanwa juu yake pini inapogonga, na ganda lina tundu moja la moto katikati. Ya Berdan haina fuawe, kwani fuawe ni sehemu ya ganda lenyewe, lenye matundu mawili pembeni, kwa hiyo sindano yako ya kutolea fataki itavunjikia hapo. Ukitaka kucheka, Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, hataza zao zote ni za mwaka 1866, halafu Marekani ikashika ya Mwingereza na Ulaya ikashika ya Mmarekani.

Sasa kugoma kwenyewe. Rivolva, fataki ndogo za nje, katika risasi hamsini zikagoma sita au saba. Nikazipiga tena zilezile, zote zikalia. Dalili ilikuwa hapo hapo na mimi nikaipita nikaenda kununua springi! Kikombe kikiwa kigumu kweli, pigo la pili halina sababu ya kufaulu kila mara. Fataki ikikataa la kwanza na kukubali la pili kila mara, ujue haikukaa chini. Pigo la kwanza limetumika kuisukuma mpaka fuawe ikaguse sakafu ya kishimo, na nguvu ya pini imeishia humo.

Nikachukua kalipa ya kupimia unene. Fataki za bechi ile zilikuwa nene kidogo, karibu 4.47 mm, wakati nilizozizoea zilikuwa 4.44. Tofauti hiyo jicho halioni, lakini mkono unaisikia: ukibana koleo la kupachikia unakutana na ukinzani mapema, unadhani umefika. Hujafika. Kuna vituo viwili. Cha kwanza ni msuguano wa ukuta, cha pili ni miguu ya fuawe kugusa chini, na hicho kina ugumu wa ghafla kama kusukuma ukuta wa saruji. Zangu zilikuwa zimeishia sawa na kitako. Zinatakiwa ziwe chini yake kwa 0.08 hadi 0.13 mm hivi. Pitisha ncha ya kidole juu ya kitako: usikie kibonde, siyo uwanja. Masizi yaliyoganda kishimoni nayo huiba kina, na maganda ya kijeshi yana ukingo uliobanwa kuzunguka fataki. Usipoukwangua, utasukuma mpaka kikombe kipinde ubavu.

Ili kuthibitisha nilitumia maganda yenye fataki tu, bila baruti, bila kichwa cha risasi. Kumi nilizipachika mpaka kituo cha kwanza, kumi mpaka cha pili. Miwani, kinga ya masikio, mtutu upande salama, maana fataki peke yake ina kishindo na cheche. Nikajaza silinda nzima kwa ujuaji wangu. Ililia ya kwanza, silinda ikakwama kama imeunganishwa kwa weldingi! Sababu: fataki ikilipuka inarudi nyuma kidogo. Kwenye risasi kamili ganda nalo linasukumwa nyuma na shinikizo, fataki inarudishwa mahali pake. Bila baruti hakuna cha kulisukuma ganda, fataki inabaki imechomoza na kuegemea fremu. Nilikaa dakika kumi nikiibembeleza. Dawa ni kupanua tundu la moto la maganda ya majaribio kwa keekee, ili gesi ipite mbele badala ya kusukuma fataki nyuma.

Matokeo: za kituo cha kwanza ziligoma tatu, za kituo cha pili zote zikalia. Nikarudisha springi ya zamani, nikapiga kumi nyingine, zikalia.

Maganda hayohayo yanakusaidia kwa fataki za zamani za kijeshi, ambazo nyingine zina potasiamu kloreti na huacha chumvi. Lipulia moja juu ya kipande cha chuma kilichosuguliwa kikang'aa, na nyingine unayoiamini juu ya kipande kingine, viache mahali penye unyevu siku chache. Kutu ikijaa kimoja tu, umepata jibu. Mafuta hayayeyushi chumvi hiyo. Mtutu huoshwa kwa maji ya moto, ukakaushwa, ndipo mafuta.

Kwa bunduki zinazojijaza zenye pini inayocheza huru, kama AR-15 au SKS, hapo kikombe kigumu ni rafiki. Kampuni ya CCI ya Marekani hutengeneza fataki namba 34 na 41 kwa ajili hiyo. Kwa ya nje, tafuta maelezo ya mtengenezaji mwenyewe, usikisie kwa rangi ya kikombe.

Ukibadilisha fataki, hata SR kwa SR, rudi kwenye kipimo cha kuanzia cha jedwali la baruti yako na upande taratibu ukitazama kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi. Mwako hubadilika na shinikizo nalo. Nunua mia moja za kujaribu, zikikubali rudi uchukue za bechi ileile kwa wingi. Ada ya kusafirisha vitu vya hatari haijali sana wingi, kwa hiyo boksi moja moja ndiyo njia ya kulipa mara mbili. Ziache kwenye trei zake. Anayezimimina kwenye chupa ya jemu ili zipendeze kabatini ametengeneza bomu, kwani moja ikilipuka zote zinaifuata.

Na yale maganda yaliyotobolewa kwa keekee, nimeyapaka rangi nyekundu kitakoni na yana kopo lake. Likichanganyika moja na kupata baruti kamili, tundu kubwa litapeleka shinikizo moja kwa moja kwenye fataki.