Karafuu za Mfukoni

Baba hakuwa mtu wa kumwaga habari yote kwa pamoja. Ya Pemba aliitoa vipande vipande, ikachukua chakula kizima cha usiku. Kwanza alisema amepata uhamisho. Mama akauliza wapi. Zanzibar. Mama akatabasamu, maana kwake Zanzibar ilikuwa kanga, marashi, na picha ya Forodhani kwenye kalenda ya jirani. Baba akamega tonge, akamega jingine, akanywa maji, akaweka kikombe chini.

"Siyo Unguja lakini. Ni mbele ya hapo. Pemba."

Ilikuwa mwaka 1996, nina miaka kumi, na bahari sijaiona hata siku moja. Tuliishi Tabora, kwenye kota za jeshi. Baba alikuwa sajenti wa JWTZ. Mama alikuwa na wiki mbili za kufunga nyumba. Kuku aligawa, akilia kwa yule jogoo mmoja tu. Kabati likauzwa kwa bei ya kuona haya. Vilivyosafiri ni cherehani iliyoviringishwa blanketi mbili, vyombo ndani ya sanduku la bati, magodoro, na dumu la lita tano la asali iliyotoka Sikonge kwa baba mdogo. Baba alisema asali iachwe. Mama alisema basi na yeye aachwe. Asali ikasafiri.

Treni ya reli ya kati nitaipita haraka, maana kila aliyeipanda ana hadithi yake na zote zinafanana: joto, vumbi, karanga, na kusimama porini bila mtu kuambiwa sababu. Dar es Salaam nayo nakumbuka bandari tu. Unguja sikuiona kabisa, tulilala bandarini juu ya mizigo yetu tukisubiri meli ya usiku.

Meli ndiyo nakumbuka. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba chombo cha majini kinateleza, kama sahani iliyopakwa mafuta. Kwa saa za mwanzo kilifanya hivyo hivyo, kwa sababu tulikuwa tumekingwa na kisiwa cha Unguja. Tulipofika ncha ya kaskazini, kinga ikaisha na mkondo wa Nungwi ukatupokea. Sakafu ilipanda, ikakaa juu kidogo kana kwamba inafikiri, halafu ikadondoka. Watu walitapika kwa zamu, kwa utaratibu ambao mpaka leo unanishangaza: anatapika huyu, anapokea jirani yake. Mama alibana dumu la asali katikati ya magoti, amefumba macho, midomo inatembea. Sijui alikuwa anasali au anamtukana baba, ambaye alikuwa nje kashika chuma cha meli, kavaa kiraia, rangi imemtoka.

Mzee mmoja wa kofia, aliyekaa mkabala na sisi, alitoa ndimu mfukoni, akaikata kwa kisu kidogo, akampa mama nusu.

"Nusa, mwanangu. Hapa ndipo Nungwi. Tukishapavuka hapa, tushafika."

Mama akanusa, akashukuru. Mzee akaanza kutuchangamsha. Mnatoka wapi? Bara, Tabora. Loo, mbali! Na Pemba mnakwenda kwa nani? Mama, kwa moyo mweupe, akamwambia mumewe ni mwanajeshi, amehamishiwa kambi iliyo karibu na Chake Chake. Mzee akasema "Aa," akafuta kisu chake kwenye shuka, akageuza uso dirishani. Dirisha lenyewe lilikuwa jeusi tii. Hakuzungumza tena hadi Mkoani.

Sababu nilikuja kuzijua nikiwa mtu mzima. Oktoba 1995 ulifanyika uchaguzi wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urudishwe, chama cha upinzani cha CUF kikachukua majimbo yote 21 ya Pemba, matokeo ya urais wa Zanzibar yakabishaniwa, na tangu hapo mtu wa gwanda hakuwa mgeni wa kufurahiwa kisiwani. Wakati ule sikujua lolote katika hayo. Nilichojua ni kwamba mzee aliyetupa ndimu amenyamaza, na kwamba amenyamaza pale mama alipotaja kazi ya baba.

Lori la jeshi lilitupakia Mkoani asubuhi. Mimi nilidhani kisiwa ni kitu bapa, mchanga na minazi, kama kwenye vitabu vya shule. Pemba ni vilima na mabonde, barabara inapinda kama imepotea njia, na kila upande mikarafuu imesimama myeusi kwa ukijani. Katikati ya safari hewa ilibadilika. Harufu ilitupanda ndani ya lori, tamu na kali kwa pamoja, kama dawa ya meno ya hospitali. Mama akafunika pua. Dereva akacheka: "Zoea, mama. Huu ni msimu wenyewe."

Maisha ya kambini hayakuwa na jipya. Kota ni kota: vyumba viwili, bati, bomba moja kwa nyumba sita, tarumbeta asubuhi na tarumbeta jioni. Wake wa askari walikuwa kutoka Songea, Musoma, Singida, kila mmoja na ugali wake. Ukifumba macho ungeweza kuwa Tabora, kama si ile harufu. Kisiwa kilikuwa nje ya geti.

Na nje ya geti mama alishindwa hata kununua mboga. Siku ya kwanza aliomba nyanya, muuzaji akamtazama. Akaonyesha kwa kidole. "Hizo tungule," akaambiwa. Akaomba viazi, akapewa viazi vitamu. Alivyovitaka yeye kumbe vinaitwa mbatata. Alirudi na kapu nusu, kajaa hasira: "Miaka yote nasema Kiswahili, leo naambiwa sikijui!" Jirani wa Songea alimwambia tatizo siyo maneno, maneno atajifunza kwa wiki moja. Kilichobaki hakukisema.

Mimi nilipelekwa skuli, siyo shule tena. Asubuhi nilikuwa na wenzangu wa kucheza nao. Mchana wote walitawanyika kwenda chuoni kusoma Kurani, njia ikabaki tupu, nikabaki na mawe yangu na ukuta wa kupiga nao mpira. Ndivyo nilivyoanza kwenda kwa yule bibi.

Nyumba yake ilitazamana na geti la kambi, hatua mia moja hivi. Mbele ya nyumba alitandaza majamvi matatu ya karafuu. Sikukaribishwa wala sikufukuzwa. Alikuwa amekaa chini, miguu kainyoosha, mbele yake lundo la vishada vibichi, kijani vimeingiwa na wekundu. Alichukua kishada kwa mkono wa kulia, akakisukuma kwenye kiganja cha kushoto na kukisokota mara moja tu, karafuu zikaanguka huku, makonyo yakabaki kule. Mara moja! Nilipojaribu mimi, nilizichuma moja moja kama mtu anayetoa chawa. Alinitazama, akanichukua mkono, akaugeuza kiganja juu, akanionyesha tena bila kusema neno. Siku ya tatu nikaweza.

Vidole viligeuka rangi ya chai ya rangi na havikutakata kwa sabuni. Nikajifunza kutambua iliyokauka: mbichi ukiipinda inajikunja, kavu inakatika, kah! Niliweka moja mdomoni, ulimi ukashikwa na ganzi hadi nikashindwa kusema "bibi", na hapo ndipo nilipomsikia akicheka kwa mara ya kwanza.

"Weye mwana wa jeshini?" aliniuliza siku hiyo.

Nikaitikia kwa kichwa. Akaendelea kuchambua.

Sasa, kwa nini niliiba, siwezi kueleza mpaka leo. Hakuna aliyeninyima. Nadhani nilitaka ile harufu iwe yangu. Jioni moja, bibi alipoingia ndani kuchukua pakacha, nilichota konzi moja ya zilizokauka, nikaitia mfuko wa kaptula, nikaenda zangu nyumbani kama mtoto mwema.

Baba alinusa kabla hajakaa.

"Hapa ndani kuna karafuu."

Mama akasema kisiwa kizima kina karafuu. Baba akasema hapana, hii iko humu chumbani. Akanizunguka mara moja, akaelekeza kidole mfukoni. Nikazimwaga mezani. Zilikuwa, nikisema nyingi, sitini. Baba akazitazama kama mtu aliyeonyeshwa risasi.

Hapo lazima nieleze. Karafuu za Zanzibar kwa sheria ziliuzwa kwa shirika moja tu la serikali, ZSTC. Ng'ambo ya maji, Kenya, kulikuwa na wanunuzi wenye bei nzuri zaidi, na mashua usiku haina kelele. Kwa hiyo kulikuwa na magendo, na kulikuwa na KMKM, kikosi maalumu cha kuyazuia, na karafuu iliyokutwa mahali isipopaswa ilikuwa kesi. Baba alisema walishaonywa kwenye paredi: askari asionekane na karafuu, hata ya kutia kwenye pilau, kama hawezi kueleza imetoka wapi.

"Amekupa, au umechukua?"

Kimya changu kilijibu.

Nilitegemea mkanda. Baba akasimama, akavua gwanda, akavaa shati la mikono mifupi na suruali ya kiraia, akazikusanya zile karafuu zote, hata iliyoviringika chini ya kitanda, akazirudisha mfukoni mwangu. "Twende ukamkabidhi mwenyewe." Mama akatuzuia mlangoni. Alisema mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu. Akamimina asali kwenye chupa ya soda, akaziba kwa gunzi la muhindi, akampa baba. Baba akaishika kwa shingo kama mtu aliyepewa mtoto wa watu kumbeba.

Tulimkuta bibi anakimbizana na jua. Karafuu hazilali nje, umande unaziharibu, na adhana ya Magharibi ilikuwa karibu. Majamvi mawili alishayaingiza. La tatu alikuwa analivuta peke yake, limelemea.

"Hodi hapa. Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Hakuacha kuvuta. Alimtazama baba viatu kwanza. Suruali ilikuwa ya kiraia lakini viatu vilikuwa vya jeshi.

Baba akanisukuma begani. Nikatoa konzi yangu, nikasema nimechukua bila ruhusa, nisamehe. Sauti ilitoka nyembamba kama ya paka. Bibi akazipokea, akazitupa juu ya lundo bila kuzitazama.

"Ndiyo mmekuja wawili kwa hizo?"

Baba akasema mtoto lazima ajifunze.

"Weye wa KMKM?"

"Hapana, bibi. Mimi wa JWTZ. Kazi zetu mbalimbali."

"Miye naona nguo tu."

Baba hakuwa na jibu. Nilimwona akilitafuta, mtu ambaye nyumbani kwetu hakukosa jibu hata siku moja. Mwishowe akainyoosha ile chupa. Bibi akatoa gunzi, akanusa, akachovya kidole cha kahawia, akaonja, akanyamaza kidogo.

"Ya wapi hii?"

"Kwetu. Tabora."

"Tabora ndo wapi?"

Baba akaeleza: meli mpaka Unguja, meli tena mpaka Dar es Salaam, halafu treni, mchana na usiku. Alieleza taratibu, kituo baada ya kituo, Morogoro, Dodoma, na nilipomsikiliza niligundua kwamba hajawahi kuitaja ile safari tangu tufike. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Na hukuja kwa kupenda."

"Hapana, bibi."

"Umeletwa."

Baba alichelewa kujibu. Mimi nilikuwa najua watu wawili tu wanaoletwa mahali: mama na mimi. Baba kwangu ndiye aliyekuwa akileta.

"Nimeletwa," alisema.

Bibi akaziba chupa, akaiweka kizingitini. "Haya. Shika ncha hiyo, adhana hii itanikuta."

Baba akainama, akashika ncha moja ya jamvi, bibi akashika nyingine, mimi nikashika katikati ambako sikusaidia chochote, tukaliingiza ukumbini. Halafu baba, bila kuambiwa, akapiga magoti akaanza kuokota zilizomwagika mlangoni, moja moja, akizipangusa mchanga kwa kidole. Bibi alishaingia kutia udhu. Tuliokota mpaka giza likatuzuia.

Getini askari wa zamu alikuwa kijana, cheo cha chini kuliko baba. Akapiga saluti, akatufungulia, halafu akasita, pua ikamcheza.

"Afande," alisema kwa woga, "samahani. Unanukia."

Baba akanusa viganja vyake vyote viwili, akavirudisha mfukoni.

"Fungua geti," alisema.

Lilikuwa limeshafunguliwa.